Fukwe, kempavani na mbwa msimu wa vuli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina kempavani ya zamani, yaani gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani, na nina mbwa mmoja wa kilo 22 aitwaye Bosi ambaye mpaka leo hajakubali kwamba mawimbi hayafukuziki. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila watu wanaposikia kwamba safari zetu za pwani tunazifanya wenzetu wanaporudi nyumbani.

Vuli ipi hiyo?

Si mvua za vuli. Hapa nazungumzia majira yanayofuata miezi ya joto katika nchi zenye misimu minne, miti inapopukutisha majani: Septemba hadi Novemba kaskazini mwa ikweta, Machi hadi Mei kusini yake. Ukisoma "Oktoba" nawe uko kusini, weka Aprili.

Kwa nini msisafiri majira ya joto kama watu wengine?

Kwa sababu ya mbwa. Fukwe nyingi zinazofurika watu humpiga marufuku miezi hiyo. Uingereza, kwa mfano, katazo la kawaida huanza Mei na kuisha mwisho wa Septemba. Ikifika Oktoba, ufukwe uleule uliokuwa na kibao cha mbwa aliyepigwa mstari mwekundu unakuwa wake asubuhi hadi jioni. Hata hivyo soma kibao kilichopo pale pale, usitegemee ulichosoma mtandaoni mwaka juzi. Ziko fukwe zinazofungwa kwa mbwa mwaka mzima kwa ajili ya ndege, na ziko zinazomruhusu asubuhi na jioni tu.

Sababu nyingine ni bahari yenyewe. Maji hupoteza joto polepole kuliko nchi kavu, kwa hiyo mwanzoni mwa vuli bahari huwa na joto kuliko ilivyokuwa mwezi Mei, hata kama hewa ya nje ni ileile.

Ubaya upo pia. Siku zinafupika, dhoruba zinaanza, na maeneo mengi ya kambi hufunga vyoo na mabomba. Piga simu kabla hujaenda na jaza tangi kila unapopata maji.

Nianze kupanga safari kwa kuangalia nini?

Ratiba ya maji kujaa na kupwa. Ramani itafuata baadaye, na orodha ya fukwe nzuri itafuata baadaye zaidi.

Kwenye pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25. Maana yake kila siku mambo yanasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Dakika 50 unaweza kuzidharau, lakini zihesabu kwa wiki: ufukwe uliokuwa mpana kama uwanja wa mpira saa nne asubuhi Jumamosi hii, Jumamosi ijayo saa hiyohiyo maji yatakuwa yamegusa ukuta. Watu hurudi mahali walipopapenda na kudhani wamepotea njia.

Kisha tazama mwezi. Ukiandama, na tena ukiwa mpevu, siku moja au mbili baadaye huja bamvua: maji hupanda juu sana na hupwa mbali sana. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na tofauti ni ndogo. Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Bamvua kubwa za mwaka huangukia karibu na siku ambazo mchana na usiku hulingana, yaani mwishoni mwa Septemba na mwishoni mwa Machi, jua linapokuwa juu ya ikweta. Kwa hiyo uwe kaskazini au kusini, vuli huingia na bamvua kubwa. Ufukwe uliouzoea mwezi wa saba hautakuwa na mipaka ileile.

Upo na mtego wa saa. Baadhi ya ratiba huchapishwa kwa saa za kawaida bila kuongeza saa moja ya majira ya joto. Nchi za Umoja wa Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, katikati ya safari yako. Hakikisha unajua ratiba uliyoshika inahesabu saa ipi, maana kosa la saa moja kwenye maji ni kosa kubwa.

Si kila pwani iko hivi. Kwenye bahari ya Mediterania na Baltiki tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo sana, na huko upepo ndio unaosukuma maji. Upande wa pili wa mizani kuna Ghuba ya Fundy nchini Kanada, ambako tofauti hufikia mita 16 hivi, na Mont Saint-Michel nchini Ufaransa, karibu mita 14.

Kweli maji yanaweza kutuzingira? Si tutayaona yakija?

Utayaona mbele yako. Hutayaona nyuma yako.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Kanuni ya mabaharia hugawa kupanda kwake katika sehemu 12: saa ya kwanza sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua pwani ambayo tofauti ni mita 6. Saa ya kwanza maji yanapanda nusu mita, nawe unasema bado mapema. Saa ya tatu na ya nne pekee yanapanda mita 3. Na ufukwe wa mchanga si bakuli: maji hupita kwanza kwenye mifereji ya chini, iliyo kati yako na nchi kavu.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Bosi alikuwa anachimba shimo nyuma ya jabali, anapuliza mchanga kwa pua kana kwamba kuna hazina, nami nimekaa namcheka. Nilipogeuka, kichochoro cha mchanga tulichopitia kilikuwa kinang'aa. Tulivuka maji yakinifika magotini, mbwa begani, taulo shingoni, viatu nimeviacha. Mvuvi aliyekuwa juu ya ukuta hakusema neno. Alitazama saa yake, akanitazama mimi.

Tangu siku hiyo sheria ni moja: tunaanza matembezi maji yakiwa bado yanapwa, na yakifika chini kabisa tunageuza, hata kama tumebakiza jabali moja tu.

Naweza kushusha gari hadi mchangani?

Usishushe. Kempavani iliyojaa maji, gesi na vyombo ina tani mbili na nusu hadi tatu na nusu, na nyingi zinasukumwa na magurudumu mawili tu. Mahali pengi pia ni kosa kisheria.

Ukishakwama, ondoa mguu kwenye mafuta. Kila ukikanyaga, tairi linajichimbia kaburi. Toa mbwa na mizigo, punguza upepo wa matairi, ondoa mchanga mbele ya magurudumu yanayosukuma, tandika vibao au mazulia ya gari, kisha toka taratibu kwa gia ndogo. Ukifika barabarani jaza upepo kabla ya kuendesha kwa kasi. Ila kabla ya yote hayo tazama ratiba ya maji, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kama una muda wa kuhangaika mwenyewe au upige simu ya kuvutwa sasa hivi.

Nikiri kwamba mimi mchangani sijakwama hata mara moja. Nimekwama mara mbili kwenye majani. Egesho la nyasi lililokuwa gumu miezi ya joto huwa sabuni baada ya mvua za msimu huu. Egesha pua ikitazama njia ya kutokea, na mteremko uwe upande wako.

Tunalala wapi usiku?

Sheria hutofautiana hata kati ya kijiji na kijiji, kwa hiyo uliza. Ujerumani, kulala usiku mmoja kwenye egesho la umma ili dereva apate nguvu za kuendelea huvumiliwa, mradi usitoe meza na viti nje. Scotland, haki maarufu ya kutembea popote haihusu magari, ingawa wageni wengi huamini inahusu.

Kuhusu mahali penyewe: usilale chini ya jabali refu, kwani mvua hulegeza mawe. Usilale kwenye ukingo wa ukuta wa bahari siku ya bamvua na upepo, mawimbi hurusha kokoto. Elekeza pua ya gari kwenye upepo, na kama paa lako ni la kuinuka, lishushe upepo ukianza kulitikisa. Muhimu kuliko yote, fika kabla jua halijazama. Egesho la pwani gizani halikuambii kama umesimama mita 20 au mita 2 kutoka majini.

Mbwa akae wapi gari likitembea?

Kwenye kizimba kilichofungwa imara, au avae mkanda wa kifuani uliounganishwa na mkanda wa kiti. Asifungwe kwa ukanda wa shingoni, ukifunga breki shingo ndiyo inayolipa. Asikae kitandani nyuma hata kama ndiko anakopenda.

Mfundishe jambo moja kabla ya safari: mlango wa kuteleza ukifunguka, anasubiri mpaka aitwe. Mbwa aliyenusa bahari kwa saa tatu hutoka kama risasi, na maegesho mengi yako kando ya barabara.

Kuna baridi. Naweza kumwacha garini niende kununua kitu?

Wingu likiwa zito na ukirudi upesi, sawa. Jua likiwaka, hapana, hata ikiwa vuli. Ndani ya gari lililofungwa joto linaweza kupanda kwa nyuzi 20 hivi ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya hizo hupanda nusu saa ya kwanza. Kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii sana. Kempavani ina kioo kikubwa mbele, tena kwa vuli jua liko chini na linaingia moja kwa moja.

Nimfungue au nimfunge kamba?

Ufukwe mtupu, maji yanapwa, anaitika akiitwa: mfungue. Nje ya hapo kamba ndefu ya mita 10 ni rafiki yenu nyote wawili. Kuna viumbe wa aina mbili hasa wa kuwafikiria msimu huu.

Wa kwanza ni sili, mnyama wa baharini anayenyonyesha na kupanda ufukweni kupumzika. Sili wa kijivu wa pwani za Uingereza huzaa wakati wa vuli, na mtoto mwenye manyoya meupe unaweza kumkuta amelala mchangani peke yake. Hajatupwa. Mbwa akimsogelea, mama anaweza asirudi tena, na sili akiuma kidonda huoza vibaya. Tena virusi vinavyoua mbwa wachanga vina ndugu yake anayeua sili: mwaka 1988 na 2002 mlipuko wa aina hiyo uliua maelfu ya sili kwenye Bahari ya Kaskazini. Ukiona kitu kama gunia la kijivu mbele, funga kamba kwanza, ndipo utazame vizuri.

Wengine ni ndege wahamaji. Wakati wa vuli wanatua kula na kujaza mafuta ya safari. Maji yakijaa hawana pa kulia, wanajibana kwenye kipande cha juu cha ufukwe kupumzika. Mbwa anayewarusha kwa mchezo anawachomea akiba hiyo. Kwa hiyo saa ya maji kujaa, sisi tunatembea kwa kamba au tunakaa garini tunakunywa chai.

Ni vitu gani ufukweni vinaweza kumdhuru?

Baada ya dhoruba ufukwe wa vuli ni meza iliyoandaliwa, na kila sahani ina harufu nzuri kwa mbwa. Hapa ndipo ninapokuwa mkali.

Madonge meupe au ya manjano kama nta: mara nyingi ni mafuta ya mawese yaliyotoka kwenye meli zinazosafisha matangi baharini. Yanaweza kunuka dizeli, na mbwa huyapenda sana. Humfanya atapike na kuharisha, yanaweza kuvimbisha kongosho au kuziba utumbo. Mengine ni madogo kama punje ya mahindi, mengine makubwa kama jiwe la kukalia.

Samaki na viti vya pweza (viumbe wa baharini wenye umbo la nyota) waliotupwa na mawimbi: mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, mashariki mwa England, mbwa waliugua na wengine kufa baada ya kula viumbe wa aina hii, na sumu ya kupoozesha ilipatikana ndani ya viti vya pweza. Dalili ni kutapika, kuyumba, miguu ya nyuma kulegea. Usisubiri kesho. Na pale ambapo kuna bunju, samaki mwenye sumu kali, sihitaji kueleza.

Yavuyavu: hata akiwa amekufa na kukauka bado anawasha. Mbwa hugusa kwa pua.

Ndoana: wavuvi wa vuli ni wengi, na chambo hubaki kwenye ndoana. Ikiwa mbwa amemeza na uzi unaning'inia mdomoni, usiuvute wala usiukate karibu na mdomo. Ufunge kwenye ukanda wake na umpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mchanga wenyewe: mpira mdogo unaookotwa mara 60 huokotwa na mchanga mara 60, na mchanga ukijaa tumboni huziba. Tumia kitu kirefu kinachoelea, ukitupe majini au mchanga uliolowa na kushikamana.

Kwa yote haya dawa ni neno moja: "acha". Lifundishe nyumbani kwa kitoweo, halafu ulipe vizuri likifanya kazi ufukweni.

Amekunywa maji ya bahari. Nifanye nini?

Funda moja mbili zitamharisha tu. Akiwa amekunywa mengi, akatapika mfululizo, akayumba au kutetemeka, hilo ni suala la daktari mara moja, kwani chumvi ikizidi kwenye damu huathiri ubongo. Kinga ni rahisi: mpe maji ya kunywa yasiyo na chumvi kila baada ya dakika 15 hadi 20 za mchezo, hata kama haombi. Mbwa huhitaji kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku akiwa nyumbani, na ufukweni zaidi. Kwa Bosi natenga lita mbili, mbali na maji yetu.

Anaweza kuogelea kwenye baridi?

Mbwa wa manyoya mazito na mwenye afya, ndiyo, kwa vipindi vifupi. Mwembamba, mzee au mdogo, mwache alowe miguu. Upepo baada ya kutoka majini huendelea kumpoza.

Asubuhi moja Bosi aliamka mkia umening'inia kama kamba iliyolowa, hauinuki. Nikadhani umevunjika. Kumbe hutokea kwa mbwa wanaoogelea sana kwenye maji baridi: misuli ya mkia huuma na kukakamaa, na kwa kawaida hupona yenyewe kwa siku chache. Apumzishwe, na daktari amwone kama maumivu ni makali.

Kupe wamekwisha?

La. Kupe wa kawaida wa Ulaya huwa na msimu wa pili wakati wa vuli. Wanakaa kwenye nyasi za matuta ya mchanga. Mpapase kila jioni: masikioni, kwapani, katikati ya vidole.

Usiku tunapataje joto bila kuhatarisha maisha?

Angalia mtungi wako. Butani hukataa kugeuka gesi baridi ikikaribia nyuzi 0, wakati propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtu anayelalamika kwamba jiko limekufa alfajiri, mara nyingi ana mtungi wa butani uliojaa.

Usiwashe jiko la kupikia ili kupasha gari joto, na jiko la mkaa lisiingie ndani hata kama linaonekana limezimika. Kaboni monoksidi haina harufu. Weka king'ora chake, kijaribu kabla ya safari, na acha tundu la hewa la paa wazi kidogo. Tundu hilo litapunguza pia jasho la vioo. Mbwa aliyelowa anapumua usiku kucha, na asubuhi madirisha yanalia.

Tukivuka mpaka?

Kwa kuingia nchi za Umoja wa Ulaya mbwa anahitaji chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa mpangilio huo, na siku 21 zipite baada ya chanjo ya kwanza. Uingereza, Ireland, Finland, Malta na Norway hutaka pia dawa ya tegu iliyotolewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Hapo ndipo wengi hukwama bandarini: dawa wametoa, lakini mapema mno au wamechelewa.

Chumvi inaharibu gari?

Inakula chuma kimyakimya. Ukirudi, osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi, hasa matao ya magurudumu na reli ya mlango wa kuteleza. Mchanga kwenye reli hiyo ndio unaougeuza mlango kuwa kilio.

Mbwa amelowa, amejaa mchanga, anatetemeka, na kitanda kiko hatua mbili kutoka mlangoni. Naanzia wapi?

Nje. Nunua pampu ya kupulizia dawa ya lita 5, mpya, isiyowahi kutiwa dawa. Jaza maji ya uvuguvugu kutoka birikani, pampu mara kumi, anza na tumbo na miguu, maliza na masikio kwa nje. Kukiwa na upepo, msimamishe upande wa gari usiopigwa. Kisha taulo ya kwanza kwa mchanga, taulo ya pili kwa maji, halafu koti lake la kukaushia alivae mpaka atulie. Pangusa katikati ya vidole kimoja kimoja, mchanga wenye chumvi huchubua.

Ukifanya hivyo kwa uaminifu, nusu ya mchanga itabaki nje. Nusu nyingine utaikuta kwenye mto. Kwa hiyo mimi nilinunua shuka za rangi ya mchanga.